Nani Anakula Tangazo Langu la Mapazia?

Mpendwa Shangazi Mshauri, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi nimepanga kumuumbua wifi yangu mbele ya watu, na nikishafungua mdomo najijua, sitaweza kuufunga.

Mimi ni mshona mapazia, nina chumba kimoja kinachotazama barabara, meza ya kukatia, cherehani mbili na fito zimeegemea ukutani, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi friji, karakana yake iko nyuma ya jengo hilohilo, miaka yote tumekuwa chanda na pete, yeye ndiye aliyenipa cherehani ya kwanza mume wangu alipokuwa hana kazi na hajawahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja. Sasa umoja wetu wa wenye biashara ndogo umeamua kununua kitabu kimoja cha mwongozo wa kutangaza mtandaoni, yale matangazo yanayotokea juu kabisa mtu akiandika kwenye simu kitu anachokitafuta, kila mwanachama apate nakala yake, na tukachaguliwa watu watatu kuvipima vitabu vinne vilivyoletwa: mimi, wifi yangu, na mwenyekiti wetu muuza rangi, ambaye, hii ibaki kati yangu na wewe, hajafungua hata kimoja, anavinyanyua tu kiganjani kama makopo yake na kusema kizito ndicho chenye elimu.

Viwili tuliviweka kando mapema, kimoja kiliandikiwa makampuni makubwa yenye idara na mameneja, kingine picha zake zinaonyesha kurasa ambazo kwenye simu zetu hazipo tena. Vimebaki viwili. Mimi nakitaka kile kinene, jalada linang'aa, mwandishi kakunja mikono anacheka, kila sura inakupa moyo, ukikisoma unajiona tajiri kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Wifi anakitaka chembamba, hakina hata picha ya mwandishi, nusu yake ni makatazo, usifanye hiki, usifanye kile, nikajiuliza huyu mtu anatufundisha biashara au anatulea? Nilisoma kurasa chache nikakirudisha mezani.

Ili nisionekane napendelea, nikaamua kukijaribu kile kinene kwa vitendo, nikaweka tangazo langu, na Shangazi, siku ya kwanza nilipoandika "mapazia" kwenye simu nikaliona jina la duka langu juu kabisa, nilipiga kelele mpaka mkasi ukanidondoka. Kitabu kinasema tangazo linalobonyezwa sana ndilo linalopanda, basi kila asubuhi nikifungua duka nalitafuta na kulibonyeza ili lichangamke, mume wangu analibonyeza akiwa kazini, watoto wanalibonyeza kabla ya shule, na mama mkwe, Mungu ambariki, ambaye simu kwake ilikuwa ya kupokelea tu, amejifunza kwa ajili yangu na anabonyeza huku akiniombea dua. Sisi hatuhesabiwi, hilo najua, maana mwenye duka hatozwi kuingia dukani kwake. Wanaohesabiwa ni wageni, mgeni akibonyeza kinakatwa kiasi kwenye bajeti yangu ya siku, na hapo ndipo ninapolia, kwa sababu bajeti inakwisha jua halijapanda vizuri, tangazo linazimika, na simu ya dukani haijaita hata mara moja mtu kuulizia pazia.

Kuna mtu analila tangazo langu. Mtaa wa pili yupo mshona mapazia mwenzangu, tunamwita Tabasamu kwa sababu hata akikukatia kitambaa vibaya anacheka, nikaanza kumchunguza, nikawa napita mbele ya duka lake nikijifanya naongea na simu. Siku moja nikamkuta nani mle ndani? Wifi yangu! Amechuchumaa nyuma ya friji ya Tabasamu, bisibisi mkononi, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikarudi dukani nikashona pazia zima upande wa ndani nje.

Kesho yake akaja kwangu akanikuta nabonyeza. Akanishika mkono. "Wifi, acha kubonyeza hapo, unajiumiza mwenyewe."

Nikamwambia, "Anayeniumiza namjua, na friji yake umemtengenezea wewe."

Akauachia mkono wangu. Kisha akasema, "Hebu soma sura ya nne ya kile chembamba, halafu tuongee."

Nikamwambia vitabu vyake ampelekee rafiki yake. Tangu hapo tunapishana mlangoni kama watu wasiojuana, na watoto wameanza kuuliza kwa nini shangazi yao haji kula.

Lakini nimeunganisha mambo. Kwa nini hataki nibonyeze? Kwa sababu langu likichangamka, la Tabasamu linashuka. Na kwa nini akitetee kitabu kisicho hata na picha? Lazima mwandishi amemshikisha kitu kidogo. Jumamosi kwenye kikao nitasimama niyamwage yote. Mume wangu anasema nisubiri, ila yule ni dada yake, angesema nini kingine? Na bado roho inaniuma, maana nikikalia ile cherehani aliyonipa mguu unakuwa mzito. Shangazi, nianze na lipi, la Tabasamu au la kitabu?

Ni mimi, Macho Wazi.

*

Macho Wazi, mwanangu, usianze na lolote. Kaa kwanza, na huo mkasi uweke mbali.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mwizi, nikampata kwenye aya ya nne, amejiandika kwa mkono wake mwenyewe. Wanaokula tangazo lako ni wewe, mume wako, watoto wako, na mama mkwe na dua zake. Nani amekwambia mwenye duka hahesabiwi? Mtandao haumjui mama mkwe wako. Unaona simu imebonyeza, basi. Wenye mtandao hujaribu kuchuja mibonyezo ya kutia shaka, kweli, lakini ukoo mzima, kila mtu na simu yake, kila mtu mahali pake, huo unafanana sana na foleni ya wateja. Mnaingia wote, mnachungulia, mnatoka mikono mitupu. Halafu anakuja mwenye nyumba mpya na madirisha matupu, anatafuta mapazia, na wewe umeshazimika.

Pole. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu hukufanya kwa ujinga, ulifanya kwa kuamini kitabu, na nyumba yako nzima ilikuwa inakupenda. Ila nitakugombeza kwa jambo moja. Shaka si dhambi, mimi mwenyewe nina shaka na kila mtu anayeuza mafanikio. Shaka yako umeipeleka kusikohusika. Umemvizia Tabasamu, umempekua wifi yako hadi tumboni, umemtilia shaka hata mumeo, na kitabu chenye jalada la kung'aa umekiachia kipite mlangoni bila kuulizwa kimetoka wapi.

Kiulize leo. Huyo bwana anayecheka jaladani aliuza nini kabla hajauza kitabu? Kuna ukurasa wowote unaosema biashara ya namna fulani isitangazwe hivi, ingoje kwanza? Kinakufundisha maneno ya kukataa, yale ambayo mtu akiyaandika tangazo lako lisimtokee? Maana anayeandika "namna ya kushona mapazia" hatafuti fundi, anatafuta kukukwepa, na akibonyeza unalipia wewe. Kinasema tangazo linalobonyezwa hupanda, sawa, lakini kimesema libonyezwe na nani? Na kila sura inaishia wapi? Nabahatisha tu, ila nadhani inaishia na mwaliko wa darasa la mwandishi, la kulipia. Kama ndivyo, mwanangu, hicho nacho ni tangazo, na ninyi mnataka kuununulia umoja mzima.

Kile chembamba usikipokee kwa sababu Shangazi amesema. Sijakiona. Kiulize maswali hayohayo, bila huruma. Angalia pia kimeandikwa lini, maana mambo haya hubadilika, na ninyi wenyewe mlishakitupa kimoja kwa kosa hilo, hapo mlifanya vizuri. Na mwenyekiti mwambieni kwa adabu kwamba elimu haiuzwi kwa uzito.

Sasa wifi. Fundi friji amekutwa nyuma ya friji na bisibisi, ukaita njama. Ulitaka akutwe wapi, kwenye duka la mtu asiye na friji? Walicheka, wamecheka. Huyo mwanamke aliona pesa zako zinateketea, akauweka mkono wake juu ya wako, akakwambia kwa maneno mepesi kabisa kwamba unajiumiza. Ulipomrushia kijembe hakukurudishia, alikutajia sura ya kusoma. Sura ya nne sijaisoma, lakini naweza kuweka dau kwamba inaanza na neno "usibonyeze". Kitu kidogo unachodai alishikishwa hukukiona popote, umekishona mwenyewe, na kimekupendeza kwa sababu kwako ni rahisi kumwona yeye mwovu kuliko kujiona wewe umekosea.

Fanya hivi. Zima hilo tangazo leo. Waambie wa nyumbani wasilibonyeze tena, na mama mkwe mwambie taratibu kwamba dua ziendelee, kidole kipumzike. Ukitaka kuona linavyotokea, ndani ya akaunti yako kuna sehemu ya kulitazama bila kulibonyeza. Soma sura ya nne. Ukiliwasha tena, lipangie litokee kwa watu wa karibu na duka lako, saa unazokuwa umefungua, kwa bajeti ambayo ikipotea hutakonda.

Jumamosi simama, usiniangushe. Ila uwasimulie kosa lako lote kama ulivyonisimulia mimi, pamoja na ile habari ya mwenye duka kutotozwa kuingia dukani kwake. Kikao hicho kimejaa watu wenye mama wakwe, na kila mmoja wao angefanya kama wewe. Waombe wakichague kitabu ambacho kingewazuia. Ukimaliza, watajie aliyekuonya.

Lakini yeye asiyasikie hayo kwa mara ya kwanza kikaoni. Usimtumie ujumbe, wala usimtume mumeo. Karakana yake iko nyuma ya ukuta wako, na njia unaijua. Nenda sasa hivi, kabla hujamaliza kukunja gazeti hili, ukamwambie wifi yako umekosea, na leo aje kula.