Bunduki Inayomngoja Ivor

Mpendwa Bibi Hester,

Naomba unisaidie kwenye safu yako ya ushauri gazetini, maana nimefika mahali sijui niende mbele au nirudi nyuma, na mke wangu Dilys kasema nisipokuandikia mimi ataandika yeye, na akiandika yeye nitaonekana mbaya zaidi. Mimi ni seremala mstaafu wa huku bonde la Clun, na starehe yangu ni kununua mnadani bunduki kuukuu za mitutu miwili, zile ambazo watu wanazipita kwa sababu zimeota kutu na vitako vimepasuka, kisha kuzileta bandani na kuzifufua, na polisi wanaijua kila iliyo kwenye kabati langu la chuma, kwa hiyo hapo sina kosa.

Sasa miaka michache iliyopita ilitokea bunduki moja kwenye mnada wa Ludlow, kazi ya mafundi wa Birmingham wa enzi za mababu, ilikuwa imelala ghalani shambani kwa watu mpaka panya wameutafuna mkanda wake, binti yangu Nerys ndiye aliyeiona akanivuta mkono, "Baba, hebu utazame mti wa hicho kitako, chini ya uchafu una rangi ya asali," nami nikasema moyoni hii itakuwa ya Ivor, mwanangu wa kiume, kwa sababu marehemu baba yangu alinipa mimi bunduki yake, tena nilikuwa kitinda mimba, ila ndimi niliyekuwa nikishinda naye bandani, na mimi nataka nimwachie mwanangu kitu kilichotoka mikononi mwangu. Sikushusha mkono mpaka dalali akagonga nyundo, nikarudi nayo nyumbani nikijiona mfalme.

Kazi yake usiniulize. Nimesugua kutu kwa mafuta na waya laini wa kusugulia sufuria, nimeyanyanyua mabonyeo ya kwenye mti kwa kitambaa kibichi na pasi ya Dilys, ambayo ugomvi wake unahitaji barua nyingine, na pale chuma kinapokaa ndani ya mti nimekipaka masizi nikakipachika, nikakitoa, nikachonga palipoachwa weusi, nikakipachika tena, hivyo hivyo majira yote ya baridi, Nerys akinishikia taa, na siku macho yangu yakigoma alichonga yeye. Imetoka nzuri, Bibi Hester, mpaka nikiitazama nalengwalengwa na machozi. Kimebaki kitu kimoja tu, kukipinda kitako kimfae mwenyewe, maana hizi hupimwa mwilini kama suti, unafunga shingo ya kitako kwa vitambaa, unaimwagia mafuta ya kitani ya moto mpaka mti ulegee, unaubana kwenye jiriwa ukiuelekeza kulia kwa anayelengea bega la kulia, au kushoto kwa wa kushoto, na mti mkavu wa umri ule sithubutu kuupinda mara mbili.

Ndipo namngoja Ivor aje nimpime. Yuko Bristol, kila nikimpigia ananiambia, "Nitakuja, Baba, kazi imebana," leseni yake ya bunduki imekwisha muda na hajaenda kuihuisha, na Krismasi alikuja akala viazi tu, akasema nyama ameacha. Nerys yeye ni wa mkono wa kushoto, na leseni anayo, siku ile pale mezani akaniambia, "Si unipindie mimi basi?"

Nikamwambia, "Hiyo ya kaka yako."

"Kaka gani, huyu? Ataenda kuwinda karoti?"

Dilys alicheka mpaka chai ikampalia, Ivor mwenyewe alicheka, mimi sikucheka, nikamwambia, "Wewe utapata nyingine, mwanangu. Hii ikipindwa kushoto ndiyo basi tena." Akakusanya vyombo akaenda kuosha.

Kumbe amekwenda mnadani peke yake, akanunua mzoga wa bunduki, akaupeleka kwa fundi Tudge wa bonde la pili ili autengeneze huko karakanani kwake, Tudge huyo huyo anayepaka vitako vanishi ya makabati ya jikoni! Nikamuuliza, "Mbona hukuniletea mimi?" akasema, "Wewe una kazi ya Ivor, Baba," wala hakusema kwa hasira, na ndiyo inayoniuma. Tangu hapo Jumamosi hafiki bandani. Lakini swali langu ni hili: nimwambie nini Ivor ili aje aichukue bunduki yake?

Ni mimi,
Mwenye Banda, bonde la Clun

*

Mwenye Banda,

Pole sana, na nasema pole kwa dhati. Baba yangu alikuwa mtunza ndege wa mawindo kwenye shamba la watu, harufu ya mafuta ya kitani nimekua nayo, najua jinsi fundi anavyoweza kuipenda kazi mpaka machozi yamlenge. Kumtengenezea mtoto kitu kwa moyo wote halafu mtoto asikitake, inachoma. Sitakucheka.

Lakini swali uliloniletea limekwisha kujibiwa. Ivor amekujibu kila ulipompigia. Leseni ameiacha ife, nyama ameacha, viazi anakula, ulitaka akuandikie barua ya mwanasheria? Hata akija kesho huruhusiwi kumkabidhi. Anakuzungusha kwa sababu anakupenda na hana moyo wa kukwambia hapana. Mtue mzigo huo. Mpigie, muulize habari za kazi yake, bunduki usiitaje kabisa, uone kama hatakuja kukutembelea.

Sasa chukua barua yako uisome kama imeandikwa na jirani. Nani aliuona mti chini ya uchafu? Nani alichonga macho yako yalipogoma? Umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe, mzee wangu, kisha ukampita binti yako ukikimbilia Bristol! Na usiniletee habari ya marehemu baba yako. Yeye hakutazama nani mkubwa nani mdogo. Alimpa mtoto aliyekuwa akishinda naye bandani. Wewe umemfuata kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Unadhani Nerys haijui hiyo vanishi ya Tudge? Anaijua vizuri, ameisikia kwako kila Jumamosi. Amekwenda huko kwa sababu Tudge, pamoja na ubovu wake wote, alipomwona na bunduki mkononi hakumuuliza anamtengenezea nani. Binti yako hajakuchukia. Aliomba mara moja, akanyimwa mbele ya watu, akaosha vyombo. Hilo ndilo la kukukosesha usingizi.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimngoje bandani, nenda kwake. Bunduki iache kabatini. Anza na "nisamehe, mwanangu," na ukishasema nyamaza, usianze kumweleza habari za ukoo. Halafu mwambie unataka kumpima bega na shavu, kama bado anataka. Akikubali, pasha mafuta, kipinde kitako kushoto, kibaki kushoto maisha yako na yake, kisha uwaarifu polisi kwamba bunduki sasa ni ya Nerys, kwa jina lake.

Na akikujibu kwamba umechelewa, kwamba moyo wake sasa uko kwenye ule mzoga alioununua mwenyewe, usibishane naye. Mwombe akuchukue siku moja mwende pamoja kwa Tudge. Mkifika, tafuta kigoda kando, ukae, mdomo uufunge, umtazame binti yako akifanya kazi. Huenda ikawa ndiyo mara yako ya kwanza.

Bibi Hester