Pipa la Msiba Wangu

Santa Rita Guelache, Oaxaca, Meksiko
4 Novemba 2021

Mume wangu mdogo Odilón,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye mizabibu ya watu. Hujambo? Kifua kimepona baada ya ile homa ya mwaka jana, au bado unakohoa kama mbuzi? Unakula? Mimi sijambo, na huo ni uongo. Sukari ipo palepale na mguu wa kushoto umeanza kubadilika rangi. Anayeniandikia ni shoga yangu Hermelinda, kwa hiyo ukikuta neno la Mungu mahali, ujue ni lake, mimi sikulisema.

Sikukuu ya wafu imepita, wamekuja na wamerudi. Babu yako Nabor nilimwekea mkate, kuku wa mchuzi mweusi, sigara na kikombe chake. Kwenye picha alinitazama kwa lile jicho lake la kudai jibu. Najua alichokuwa anauliza. Anauliza pipa.

Habari ya mapipa unaijua, lakini niache niseme, maana nikisema napumua vizuri. Babu yako alipika mezkali, hii pombe yetu ya mkonge, siku moja, mkonge mmoja, akajaza mapipa mawili madogo ya mwaloni. Moja la msiba wake, moja la msiba wangu. Watu walimcheka, wakamwambia mezkali ya kweli haihitaji mti, mti ni nguo ya kufichia ubaya. Akawajibu kwamba hata mimi alinioa nikiwa nimevaa nguo.

La kwake tulilinywa. Unakumbuka. Kila aliyeingia alipewa kikombe, akaimwagia ardhi tone lake, akanywa mbele ya jeneza, na hakuna aliyekunja uso. Kwetu anayekunja uso mbele ya maiti amemtukana. Walitoka wakilamba midomo na kusema Nabor alikuwa mtu.

Sasa limebaki langu. Babu yako alisema mti, yaani ladha ya pipa, ukae nyuma, kama mgeni aliyesimama mlangoni: unamwona, lakini haingii chumbani. Pipa dogo lina haraka, ukilichelewesha mgeni anapanda kitandani. Siku ikitimia, mezkali ihamishwe kwenye chupa kubwa za kioo, na humo haibadiliki tena hata nikichelewa kufa. Nikamuuliza siku hiyo nitaijuaje. Akasema, "Ataisema Odilón. Mdomo anao yeye."

Ulikuwa na meno ya maziwa ulipopaka mezkali viganjani, ukanusa, ukasema mkonge huu umetoka kilima cha makaburini, si bondeni. Wanaume wazima walivua kofia.

Mimi siwezi kuisema. Dawa za sukari zimefanya kila kitu kinywani kiwe sarafu ya shaba. Hermelinda ameokoka, hanywi. Na jirani nikimwita aonje, ataonja mpaka pipa litoe mwangwi. Kwa hiyo nimempa Fidencio, mwana wa fundi viatu, anayekuja huko, chupa ya shampuu iliyojaa. Nimeiosha, hutatoa povu. Onja kama ulivyofundishwa, kisha nijibu: nitoe au niache? Usinipigie simu ya Hermelinda, inakatika kila upepo ukivuma. Andika, nisomewe mara nyingi nipendavyo.

Sitaki watu wakunje uso mbele ya jeneza langu. Nimekunjiwa nikiwa hai, inatosha.

Bibi yako,
Crescencia


Fresno, California
16 Januari 2022

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo Bibi. Natumai mguu umetulia na unakunywa dawa, hata kama ni shaba. Msalimie shangazi Hermelinda, mwambie mwandiko wake umenyooka kuliko barabara yetu. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeisha. Kazi ipo, baridi ipo, tunakatia mizabibu matawi.

Fidencio amefika na chupa. Nimefanya kama alivyonifundisha Babu. Nilipaka viganjani, nikasugua, nikangoja pombe iruke. Ilikuja kwanza sukari iliyoungua, halafu mkonge ukitoka shimoni unakookwa, na nyuma kabisa ile kofia ya Babu baada ya kazi, jasho na moshi. Mti bado uko mbali, Bibi. Hata mlangoni mgeni hajafika.

Acha. Usitoe bado. Nitakuambia.

Mume wako mdogo,
Odilón


Santa Rita Guelache
9 Machi 2023

Odilón,

Hujambo? Unakula? Mimi ni mgonjwa na nina hasira, na sijui kipi kinaniuma zaidi. Hermelinda ameniomba nianze kwa upole. Nimeanza.

Fidencio amerudishwa. Kwaresima imemkuta hapa, akaenda kuungama, na padri akasema dhambi hiyo aje kuimalizia kwangu. Akasimama mlangoni na kofia mkononi. Ile chupa ya shampuu aliinywa yeye, yote, mpakani, akisubiri kuvuka, kwa baridi na woga. Huko mbele akanunua pombe ya miwa ya dukani, akaunguza sukari kidogo ipate rangi, akajaza, akakuletea. Nilimpiga kwa ufagio mpaka mpini ukaachia. Kisha nikampa chakula, maana amekonda kama mshumaa.

Alipoondoka nikakaa. Odilón, ile kofia ya babu yako uliinusa wapi? Kwenye pombe ya dukani?

Nilikuwa nimeambiwa niache, nikaacha. Mwaka wote uliopita nilipita mbele ya pipa nikalipapasa kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, nikisema Odilón atatuambia. Sasa nimemwomba Hermelinda aweke tone moja ulimini. Aliomba kwanza ruhusa kwa Yesu, kwa sauti, nikasikia yote. Kisha akaonja, akatema, akaenda kusukutua, akarudi akasukutua tena. Nikamwambia sema. Akasema, "Crescencia, ni kama kulamba mlango wa kanisa."

Mgeni amepanda kitandani, mume wangu. Na viatu.

Kama umekuwa mlevi usiyejua unachokunywa, niambie. Kama hukuifungua hata hiyo chupa, niambie. Kama msiba wangu kwako ni kitu cha kujibu haraka ili urudi kulala, hilo nalo niambie. Nitaumia kwa lile la kweli tu, si kwa yote matatu.

Bibi yako


Fresno
28 Aprili 2023

Bibi,

Shikamoo. Sina haki ya kukuuliza hali yako, lakini nakuuliza.

Si hata moja katika yale matatu. Ile homa iliyonilaza haikuondoka peke yake. Ilinichukulia pua. Tangu siku ile sinusi kitu, wala kinywa hakinipi ladha. Kitunguu ni maji. Nyama ni kamba. Mwaka jana sufuria liliungua kwenye chumba tunacholala, moshi ukajaa, wenzangu wakanivuta nje kwa mkono. Mimi nilikuwa nimekaa nafunga viatu. Daktari wa huku alisema itarudi baada ya miezi michache. Halafu akasema pengine. Siku hizi akiniona ananiuliza habari za mizabibu.

Chupa ilipofika nilipaka viganjani na kungoja, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Hakuna aliyeitika. Nikakuandikia nilivyokumbuka. Kila neno lilikuwa kweli, ila halikutoka kwenye chupa ile.

Nilisema uache kwa sababu niliamini nitapona na kuonja tena. Niliona ukitoa mapema hakuna kurudisha, ila ukiacha bado tuna nafasi. Huku mimi ni mikono tu, Bibi, hata jina hawalitamki vizuri. Huko nilikuwa mdomo wa Babu. Sikuweza kukuandikia kwamba hata huo sina.

Mjukuu wako,
Odilón


Santa Rita Guelache
2 Juni 2023

Mpumbavu wangu, moyo wangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa mara nyingi mpaka Hermelinda akaishiwa sauti. Alilia yeye. Mimi nililia alipokwenda kwake.

Pua imekufa, basi. Ungeniambia, tungeilia pamoja, na ningemwita hata mlevi wa sokoni anionjee. Ulidhani nakupenda kwa sababu ya pua? Nilikufuta kamasi kwenye pua hiyo. Naijua.

Nimehamisha mezkali kwenye vioo hata hivyo, kama mtu anayefunika sufuria baada ya chakula kuungua. Tulijaribu kuichanganya na mpya kidogo. Ikawa chungu na changa, yote mawili, kama shemeji yangu mmoja. Hermelinda anasema tununue nyingine, hakuna atakayejua. Nitajua mimi. Nyingine hakuipika Nabor. Nimeishi na mtu mmoja, nitazikwa na mezkali yake moja, na watu watakunja uso, na watasema bibi huyu alikuwa mchungu mpaka mwisho. Nalala na hilo, naamka nalo. Hakuna wa kulisahihisha.

Daktari anautaka mguu. Nimemwambia auchukue, nitabaki na viatu vingi.

Najua ukivuka kuja huku, kurudi huko hakuna. Najua nyumba hii inakula kutoka mikononi mwako. Yote nayajua, na bado nasema njoo. Sikuiti uje kuonja. Njoo nikuone.

Bibi yako


Fresno
20 Julai 2023

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Nakuja. Nimeamua, na sitarudi nyuma. Niruhusu tu nimalize zabibu, zimeanza kuiva na nikiondoka sasa nitafika mikono mitupu. Zikivunwa zote, Oktoba, napanda basi. Nisubiri.

Mume wako mdogo,
Odilón


Santa Rita Guelache
11 Septemba 2023

Odilón,

Mguu umekwenda. Unaniwasha bado, sijui niukune wapi.

Nimesikia Oktoba. Sawa. Usije na vitu, njoo na uso wako. Hermelinda anaandika polepole kwa sababu nasema polepole.

Unakula?

Bibi


Santa Rita Guelache
17 Oktoba 2023

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Afya leo sikuulizi. Barua hii nitaiweka chini ya kikombe chako wafu watakapokuja, na Hermelinda ameahidi kukusomea kwa sauti, kama zile nyingine.

Basi lilinishusha jana, siku ya kuuinua msalaba wa mchanga uliochorwa sakafuni pale jeneza lako lilipowekwa. Novena, zile siku tisa za sala, ilikuwa imekwisha. Walikuwa wananingoja mimi tu.

Hermelinda alinieleza yote jikoni, kwa sababu nilimlazimisha. Walikuja wengi, Bibi, mpaka viti vya shule vikaazimwa. Kila mmoja alipewa kikombe, akamwaga tone, akanywa mbele yako. Fundi viatu alikohoa mpaka akatolewa nje. Fidencio alijikaza, midomo ikapinda, akageukia ukutani. Hermelinda naye alikunywea, pamoja na kuokoka kwake, akaufunika uso kwa shali ili usimwone. Nikamuuliza kama hakuna hata mmoja ambaye hakukunja uso. Akasema, "Hata mmoja, mwanangu. Nilikuwa nawatazama wote."

Kisha tukaingia. Chupa ya mwisho ilikuwa imewekwa kando kwa ajili yangu. Nilipiga magoti mbele ya mchanga, nikaimwagia ardhi tone lake, nikanywa huku wote wananitazama usoni. Kooni palipita moto. Zaidi ya moto hapakuwa na kitu. Uso wangu ulibaki ukuta.

Nikasikia mwanamke nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Mtazame. Huyo ndiye aliyempenda."

Hermelinda aliyeziandika barua zako zote na kukusomea zangu alinitazama, kisha akatazama chini. Nilimnyooshea kikombe akijaze tena. Cha pili sikukimeza. Nilikikalisha kinywani mpaka ulimi ukafa ganzi, nikiungoja ule mti wako uje unikunje uso, hata kidogo, kama wanavyokunja watu.

Haukufika hata mlangoni, Bibi.

Mume wako mdogo,
Odilón