Viti Thelathini na Kimoja

Nyumbani kwa Bi Chausiku,
Kiwalani,
Dar es Salaam.
14 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Mghoi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Wundanyi, na kwamba goti limeacha kukusumbua sasa baridi imepungua. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo kwa kutembea, usimwambie mama.

Barua yako nimeisoma vizuri. Unasema nafasi ya kufundisha chekechea bado ipo, na kwamba mwaka mmoja wa umisionari unamtosha msichana. Jibu utalipata humu humu, ila kwanza nikueleze tunavyoishi.

Jumatatu kama leo tunapumzika, maana yake tunafua. Jumanne hadi Ijumaa mimi na mwenzangu Asifiwe, msichana wa Makete, tunapita nyumba kwa nyumba. Jumamosi tunafagia kibaraza cha Bi Chausiku, mama mwenye nyumba wetu. Yeye ni Mwislamu, lakini ametuazima kibaraza chake kwa ibada ya Jumapili bila maneno mengi. Ndege zinapita juu yetu chini sana, na zikipita, anayehubiri kati yetu wawili ananyamaza mpaka zitue.

Shangazi, watu wa hapa wana adabu mpaka unachanganyikiwa. Ukipiga hodi unakaribishwa, unapewa kiti na maji. Ukiwaalika ibadani wanasema watakuja, Mungu akipenda. Mimi wa Taita, nikiambiwa nitakuja, naandika jina kwenye daftari. Mwezi wa nane nilikuwa na majina arobaini na mawili. Mchungaji Praygod, msimamizi wetu wa Boko, alituletea viti thelathini vya plastiki vya buluu, nami nikawa na wasiwasi wale kumi na wawili watasimama wapi. Jumapili tulikuja mimi, Asifiwe, na kuku wa Bi Chausiku.

Ikawa hivyo Jumapili tano. Mchungaji akasema Jumapili ya sita atakuja mwenyewe, na akikuta hali ni ile ile, atafunga kituo na kutuhamishia Boko, ambako kanisa limekwisha kujaa. Nililia, sikufichi. Kisha nikapangusa machozi, nikaongeza mitaa miwili kwenye ratiba.

Bi Chausiku ndiye aliyenifungua macho, akiwa anachambua mchele. Nilimuuliza kwa nini watu wananidanganya.

"Hawakudanganyi, mwanangu. Sie mtu hatumwambii hapana akiwa mlangoni kwetu, tutaanzaje? Ila kina Zubeda walipofiwa, nyie mlipita pembeni ya turubai na vitabu vyenu, mkaenda zenu. Watu waliwaona."

Ni kweli tulipita. Ilikuwa Jumanne, na ratiba ilisema nyumba kumi na mbili. Niliona aibu.

Jumamosi ya wiki iliyotangulia hii iliyopita, alfajiri, Mzee Marijani, fundi cherehani wa nyumba ya mbele, alifariki. Ilikuwa imebaki siku moja Mchungaji aje. Asifiwe aliniangalia, nami nikaviangalia viti. Tukavibeba vyote thelathini, wanaume wakavikalia chini ya turubai. Sisi tukajifunga kanga, tukaingia ndani mkekani kwa akina mama. Baadaye tulimenya vitunguu na kuosha masufuria, na hakuna aliyetuuliza habari za dini.

Jumapili Mchungaji alifika akakuta kibaraza kitupu. Akauliza viti viko wapi.

"Viko msibani, Mchungaji," nikamwambia. "Na sisi tunarudi huko sasa hivi."

Alitazama saa yake. Nilijua nimekwisha. Lakini alitufuata, akawapa mkono wafiwa, akakaa kwenye kiti chetu kimoja mpaka adhuhuri. Wakati wa kuondoka alisema ripoti ya siku hiyo niiandike mwenyewe. Niliandika: waliohudhuria ibada, hakuna, viti vilivyokaliwa, vyote. Siku ya tatu akatuma ujumbe kwamba tubaki hadi Pasaka, kisha ataona.

Tanga lilipoanuliwa, majirani walivirudisha viti wenyewe. Nikahesabu, vikawa thelathini na kimoja. Kimoja kilikuwa cha kahawia, mguu umefungwa waya. Nilikizungusha mtaa mzima nikimtafuta mwenyewe, na kila mlango niliitwa kwa jina. Kumbe ni cha Mama Genoveva, mkaanga chapati wa pale kona. Alitoka Rombo miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hajaingia kanisani. Jina lake ndilo la kwanza kwenye daftari langu.

Alikitazama, akasema nikirudishe kibarazani, atakikalia mwenyewe Jumapili. Safari hii sikuandika kitu.

Jana alikuja, mikono bado ina unga. Alikaa kwenye kiti chake cha waya, na wimbo wa pili aliujua kuliko mimi. Tulikuwa watatu, Shangazi, na Bi Chausiku alikaa mlangoni akisikiliza. Viti ishirini na vinane bado vinasubiri watu.

Nisalimie baba, mama, mdogo wangu Mkawasi, na mwalimu wa chekechea anayenisubiri. Barua hii ameibeba Venance, dereva wa lori anayepitia Voi. Mpe chai, amenisaidia sana.

Kuhusu kurudi, watu wa hapa wangekuambia wataona, Mungu akipenda. Wewe umenilea, kwa hiyo nakuambia hapana nikiwa mlangoni kwako. Nafasi hiyo mpeni mwingine.

Mungu akulinde, na goti lako alishike kwa mkono wake.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye vile vile,

Wakesho