Aliyemchagua Jonan Ni Mimi, Aliyefukuzwa Ni Kocha

Senga Loice mpendwa,

Nakusalimu wewe, shangazi yetu wa ushauri, na wote mnaotengeneza gazeti hili. Mimi ni baba wa watoto wanne, nina miaka hamsini na miwili, nauza viatu vya mitumba hapa Busia upande wa Uganda, na sijawahi kuandikia gazeti hata siku moja, lakini kuna jambo limenikaa kifuani tangu Februari na sasa limefika mahali ambapo hata chakula nakitafuna tu bila kukisikia, kwa hiyo nisaidie, na ukinijibu usilitaje jina langu, niite Baba Sandra.

Sisi tuna timu yetu inaitwa Mizani, inacheza Kombe la Mpakani, timu nane za kutoka Busia zote mbili na Tororo na vijiji vya hapa katikati, na kama wewe si mtu wa mpira acha nikueleze kidogo, kwamba ili timu zenye pesa zisizoe wachezaji wote, vijana huandikishwa kwenye orodha moja halafu timu zinachagua kwa zamu, raundi ya kwanza kila timu mtu mmoja, raundi ya pili hivyo hivyo, mpaka raundi ya nane, na mezani kila timu inakalisha watu watatu, kocha, meneja na mjumbe wa mashabiki, na mwaka huu mjumbe wa mashabiki wa Mizani nilikuwa mimi.

Tulichagulia Tororo, katika ukumbi wa parokia. Raundi tatu za kwanza zilikwenda vizuri, tukapata mshambuliaji, kipa na beki, na ya nne ilikuwa ya kutafuta namba kumi, yule wa katikati anayepokea mpira na kuamua uende wapi, na Busia nzima ilijua tutamchukua Sam, kijana wa upande wa Kenya ambaye jina lake linajulikana mpaka kwa akina mama wanaouza samaki wa omena sokoni, na kwa bahati hakuna timu iliyokuwa imemgusa bado. Meneja akasema Sam, kisha akatoka nje kupokea simu. Kocha wetu Odoi, mtu wa Kirewa aliyetufundisha miaka minne, akanigeukia akasema, "Na wewe Baba Sandra, mashabiki wanasemaje?"

Senga, hapo ndipo nilipofungua kinywa. Desemba nilikuwa nimekwenda kijiji cha Molo kwa mazishi ya shemeji yangu, na jioni vijana wakacheza mpira kwenye uwanja wa shule, na kulikuwa na mmoja mwembamba anaitwa Jonan, peku, ambaye kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshainua kichwa na kuona wenzake wote wako wapi, na nilisimama pale mpaka mke wangu Norah akaja kunivuta shati akisema waombolezaji wananitafuta. Basi nikamwambia kocha, "Mashabiki watasema Sam, lakini mimi nasema Jonan wa Molo, yuko kwenye orodha, namba sitini na moja." Kocha akasema, "Mimi huyo sijawahi kumwona." Nikamwambia, "Mimi nimemwona." Akauliza, "Una hakika?" Nikasema hakika kabisa. Akamwandika Jonan, na kwenye ile karatasi mahali pa aliyependekeza wakaandika jina langu, nikatia sahihi.

Kufika Busia habari ilikuwa imetutangulia. Watu walikuwa wamejaa kwenye banda la chai la Apolot, ambaye ndiye mwenyekiti wetu wa mashabiki, na Tororo walikuwa wamemchukua Sam palepale baada yetu, kwa hiyo unaweza kuwaza moto uliokuwapo. Mmoja anasema raundi ya nne haichezewi, mwingine anasema mchezaji asiye na jina unamchukua raundi ya nane kama chenji, mwingine anasema labda kocha amehongwa kuku na watu wa Molo, mwingine anasema ngojeni tumwone kwanza na huyo akanyamazishwa. Apolot akapiga meza, "Nani alileta huyu mtoto? Tuambiwe leo!" Wote wakanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mjumbe wao, na Senga sijui nini kilinipata, watu wale nimeshangilia nao miaka ishirini, nikasema, "Mimi nilisema Sam. Kocha ndiye alikataa. Mnamjua Odoi, akishaamua ameamua."

Ndivyo nilivyosema. Nilidhani yatapita.

Hayakupita. Mechi mbili za kwanza tulifungwa, Jonan alikuwa anapiga pasi nzuri lakini wenzake hawajamzoea, mpira unakwenda mahali ambapo hakuna mtu, na mechi ya pili ilikuwa na Tororo na Sam akatufunga mabao mawili, mashabiki wakaitisha mkutano. Kocha Odoi alikuja akakaa mbele. Waliposema yote, akasimama akasema, "Timu ni yangu. Kama kuna kosa, ni langu." Alipokuwa anasema hivyo alinitazama mara moja tu, hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayengoja basi, akiona kama nitasimama. Sikusimama. Wakapiga kura ya mikono wamwondoe, na Senga, mkono wangu nao ulipanda.

Wiki hiyo hiyo alirudi Kirewa kulima. Mke wake Florence alikuwa na meza ya vitambaa hapa sokoni, safu ya pili kutoka kwangu, naye akaifunga wakaondoka pamoja, na asubuhi ile alipokuwa anafunga mizigo alinisalimia kama kawaida, "Wasalimie nyumbani," nikaitika.

Sasa sikia yaliyofuata. Kocha mpya hakubadilisha kitu, alimwacha Jonan palepale, na wenzake wakaanza kuelewa kwamba akiinua kichwa wao wakimbie tu, mpira utawakuta. Tumeshinda mechi sita mfululizo. Nusu fainali tulicheza Tororo, na dakika za mwisho alipitisha mpira katikati ya mabeki watatu, mshambuliaji wetu akabaki na kipa peke yake, tukawatoa Tororo na Sam wao. Sasa pale kwa Apolot kila mtu anasema yeye alijua tangu mwanzo, na hata yule wa kuku za Molo anasema alijua.

Halafu wiki iliyopita Apolot alikwenda kwa katibu wa mashindano kutafuta ni nani hasa alimpendekeza Jonan, akaonyeshwa karatasi, akakuta jina langu. Alikuja mpaka kwenye viatu vyangu akanikumbatia mbele ya wateja. "Kumbe ni wewe! Na ulinyamaza! Mtu mnyenyekevu namna hii!" Wameamua Jumapili hii, kabla ya fainali, watachinja mbuzi, wanivalishe kanzu, na niwe mzee wa timu wa maisha. Yale maneno niliyosema Februari kuhusu kocha hakuna anayeyakumbuka, ama wanaona nilisema kwa unyenyekevu, sijui. Mimi nikacheka nikasema asanteni.

Norah nilimwambia ukweli siku ileile niliyotoka Tororo kuchagua wachezaji, anajua kila kitu. Nilipomwambia habari ya kanzu alisema, "Huyo mbuzi utamla peke yako," akaendelea kuchambua mchicha.

Na kingine. Juzi nilikwenda mazoezini nikamkuta Jonan amekaa anafunga kamba, nikamsifu, akaniambia, "Asante mzee. Lakini mimi ndiye nilimfukuzisha Kocha Odoi. Alinichukua akiwa hanijui, nikamwangusha." Nikamwambia afunge kamba vizuri, nikaondoka.

Sasa naomba unishauri. Nikisema ukweli Jumapili nitavuruga timu wiki moja kabla ya fainali, na kocha hata hivyo hawezi kurudi maana kuna mwingine, na mimi ni mtu mzima nina watoto wanaosoma hapa. Nafikiri labda nipokee tu hiyo kanzu kwa amani, halafu baadaye nimpigie Odoi simu polepole nimwombe radhi sisi wawili. Je, hiyo haitoshi?

Ni mimi,
Baba Sandra, Busia.

*

SENGA LOICE ANAJIBU

Baba Sandra, haitoshi, na wewe unajua haitoshi, ndiyo maana chakula hakipiti.

Nianze na jema lako, kwa sababu lipo. Siku ile Tororo ulifanya jambo ambalo wengi hawaliwezi. Ulikuwa na macho yako mwenyewe, ukayaamini, ukasema neno ambalo ulijua halitapendwa. Ungekuwa mwoga wa kuzaliwa ungesema Sam, ukarudi nyumbani ukalala. Kwa hiyo usiniambie kwamba huwezi. Ulishaweza mara moja.

Sasa nikugombeze. Katika barua yako yote unazungumza kama mtu aliyenyamaza. Hukunyamaza, baba. Ulimsingizia mtu. Kunyamaza kulikuja baadaye, kwenye mkutano, na kuinua mkono kukaja juu ya kunyamaza. Hayo ni matatu, yahesabu vizuri, kwa sababu utakapoyasema usije ukasema moja ukadhani umemaliza.

Unasema utavuruga timu. Timu gani? Namba kumi wenu anaingia fainali akiamini kwamba alimponza mtu aliyemwamini. Mzigo huo nani kamwekea? Kila siku unayochelewa, kijana huyo anaubeba kwa niaba yako, na anakuamkia mzee. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Na hiyo simu ya polepole, ya ninyi wawili, isahau. Odoi hakuaibishwa polepole. Aliaibishwa mbele ya watu, kwa mikono iliyoinuliwa, na karatasi yenye jina lako ikiwa kabatini kwa katibu. Angeweza kuitaja, mstari mmoja tu, akabaki na kazi yake. Hakuitaja. Alikuachia wewe nafasi ya kusimama. Mtu wa namna hiyo haendewi kwa simu.

Fanya hivi. Nenda Kirewa mchana, na uende na Norah, kwa sababu mke wako ana akili na ukiwa naye hutageuka njiani. Usibebe zawadi. Zawadi humfunga mtu mdomo, na wewe unatakiwa kusikia atakalosema. Ukifika, Florence naye akae, usimwambie Odoi pembeni kana kwamba ni mambo ya wanaume. Yeye pia alifunga meza yake. Sema matatu yale bila kuweka "lakini" katikati. Wakikukasirikia, kaa. Wakikukaribisha uji, kunywa. Usiombe usamehewe siku hiyo hiyo, wewe si mgonjwa wa dharura. Muulize Odoi kama atakuja fainali, na akikataa usimbembeleze.

Lakini kabla ya Kirewa, mtafute Jonan Jumatano alfajiri, gazeti hili likitoka. Mwambie: "Kocha hakukujua, mimi nilikujua. Aliondolewa kwa sababu ya uongo wangu. Miguu yako haina kosa." Asisikie kwenye banda la chai.

Kisha Jumapili. Usikatae kwenda, huko ni kukimbia tena. Nenda, simama kabla mbuzi hajaletwa na kabla kanzu haijafunguliwa, useme. Apolot atakasirika, na ana haki, kwa sababu umemfanya akumbatie uongo mbele ya wateja. Wengine watakuzomea, na wanaozomea kwa sauti kubwa watakuwa walewale walioinua mikono, maana kosa lako lilipata wasaidizi wengi. Usiwakumbushe. Hiyo si kazi yako siku hiyo. Kanzu irudishe ikiwa imekunjwa. Omba jambo moja tu: mkutano ule ule uliomwondoa kocha umwandikie barua ya kumsafisha jina, isomwe hadharani, ili kesho akitafuta timu nyingine awe na kitu cha kuonyesha. Kazi yake hapo Mizani huenda isirudi. Jina lake linaweza kurudi, na wewe ndiye mwenye ufunguo.

Watoto wako wanasoma hapo, unasema. Vizuri. Watasikia kwamba baba yao alisema uongo na kwamba alisimama akausahihisha. Afadhali wayasikie yote mawili siku moja.

Jina lako sijalitaja, na ya wengine nimeyabadilisha pamoja na vijiji vyao, lakini Busia si kubwa, baba. Watu watakutambua kabla ya chai ya saa nne. Sikufanya hivyo kukukomoa. Wewe ndiye uliyeandika kwenye gazeti, na nafikiri sehemu fulani ya moyo wako ilitaka njia ya kurudi nyuma izibwe.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Mbuzi ni Jumapili. Jumatano alfajiri ni ya Jonan, halafu una Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Kirewa nenda Alhamisi.