Nimebeua Mbele ya Watu

Jumamosi, alasiri. Mvua imegoma kukatika, Mkumbara nzima ni tope tu.

Nimerudi kutoka Korogwe na sitaki kuonana na mtu. Mlango nimeufunga kwa komeo. Wakigonga, sipo.

Kiungulia kimerudi.

Haya, nimeliandika. Mwezi mzima nalizunguka neno hilo utadhani nisipolitaja litaondoka lenyewe.

Mwaka ule wa Azimio la Arusha nilipasuliwa tumbo kwenye hospitali ya misheni huko milimani. Kabla ya hapo nilikuwa nusu mtu. Nikilala tu, maji machungu yanapanda mpaka kooni, nashtuka nakohoa. Daktari alichukua sehemu ya juu ya tumbo, akaizungusha kwenye njia ya chakula kama mtu anavyofunga kilemba, akaishona. Moto ukazimika. Kilichopotea ni kimoja, kubeua. Hewa ikawa haina tena njia ya kurudi juu. Kwa mama mkwe wangu, Handeni, nilipata taabu kwelikweli, maana kwake mgeni asiyebeua hajashiba. Alikuwa akiniongezea bada, ugali wa muhogo, mpaka machozi yananitoka.

Tulipohamia hapa kwenye kijiji cha ujamaa, mwenyekiti akanifanya mfano. Kila mkutano wa afya lazima anisimamishe: "Ndugu zangu, mtazameni Mwalimu! Alipasuliwa huyu, na leo anakula nini? Pilipili!" Nami bila haya natafuna pilipili mbichi, watu wanapiga makofi. Nilikuwa nayapenda makofi yale, kwa nini nifiche?

Mwezi uliopita tulikuwa shamba la kijiji. Palizi imekwisha, tumekaa tunakula makande pamoja. Nikabeua, kwa sauti, mbele ya watu wote. Wanawake wakapiga vigelegele. "Ehee! Leo Mwalimu kashiba!" Nikacheka nao, ingawa nilijua kuna kitu kimefunguka humu ndani. Wiki haikuisha, moto ukarudi. Sasa natafuna chaki ili kuutuliza. Chaki za shule, mali ya umma, natafuna nimewapa watoto mgongo nikijifanya nafuta ubao.

Daktari wa Korogwe leo hakunizungusha. Mshono umelegea. Anasema wapo wanaokaa salama hadi uzeeni, na wapo ambao baada ya miaka wanarudi kwenye dawa. Kupasua tena kunawezekana, ila mara ya pili ni kazi ngumu zaidi, makovu yameshikana. Nikamuuliza, "Sasa mimi nifanyeje, daktari?" Akasema nile kidogo kidogo, nisilale mara baada ya kula, nimeze vidonge, niinue kitanda kwa matofali upande wa kichwani.

Matofali! Mtu umepasuliwa, umeshonwa, umepigiwa makofi, mwisho wako matofali.

Hata hayo ningeyabeba peke yangu. Lakini yupo Hemedi.

Hemedi ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, na ugonjwa wangu ndio ugonjwa wake. Amekonda mpaka shati linampwaya. Halali, anaketi ameegemea ukuta mpaka kunakucha. Jumatatu anakwenda kupasuliwa hospitali ileile, na anakwenda kwa sababu yangu mimi. Niliporudi leo nilimkuta barazani ananingoja, pilipili mkononi.

"Shikamoo, dada. Nionyeshe mara moja tu, moyo utulie."

Nikaila. Mungu anisamehe, nimetoka kwa daktari saa hiyohiyo, nikaila na nikatabasamu. Akaenda zake anapiga mluzi. Mimi ndipo nikajifungia humu, tumbo linawaka, naandika huku nimeuma upande wa khanga.

Siwezi. Ngoja nimfuate.

Jioni. Nimetoka kwake.

Nimemwambia yote. Kubeua, chaki, mshono, na ile pilipili ya uongo. Nilitegemea anitukane, na kweli nilitaka anitukane. Mkewe aliacha kupepeta, akasimama na ungo wake. Hemedi alichorachora chini kwa kidole cha mguu.

"Dada, kabla ugonjwa haujarudi, ulikaa muda gani?"

"Miaka minane."

"Miaka minane unalala chali? Unalala mpaka asubuhi?"

"Ndiyo."

Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi naomba usiku mmoja," akasema.

Nilikuwa nimekwenda kumzuia. Nilikuwa na maneno ya daktari yote kichwani, nimeyapanga njia nzima nikikanyaga tope. Yakaishia pale. Mkewe aliniletea kigoda, nikakaa, nikalia mbele yao wala sikujali.

Anakwenda. Jumatatu nitamsindikiza mpaka Mombo akapande gari la Lushoto. Sijui nampeleka kwenye uzima au nampeleka kuanza safari yangu hii hii, na siku ikimgeuka atanilaumu au la. Kuhusu kisu changu cha pili sitaki hata kufikiri, naogopa, basi.

Usiku nitamwombea, hilo naliweza. Ila nikifika kwenye miaka, nimwombee mingapi?