Tangazo ya Kurudi Nyabiondo

Mubi, tarehe 6 Februari 2023

Kwa mutoto wangu Josiane,

Salamu mu jina ya Bwana. Uko namna gani na kazi, na ule mwili wako wenye kupenda malaria? Hapa sisi tuko. Miye nakohoa asubui, lakini nakula. Mudogo wako Naomie ni muzima, anauzisha chikwangi, ile mikate ya muhogo, pa barabara ya malori, na amenikataza kuandika kitu yoyote mbele ya kukupa salamu yake. Basi, nimekupa.

Tangu tulikimbia vita kwetu Nyabiondo niko mugeni kwa baba yako mudogo Michel. Michel hasemi kitu. Bibi yake pia hasemi kitu. Lakini muntu anajua wakati sahani yake inaletwa ya mwisho. Kwetu nilikuwa katekista, watu walikuwa wananiamkia mu njia. Hapa niko muzee mwenye kukaa pa mulango wa magazini, duka ya Michel, kuangalia pikipiki.

Juzi muntu mumoja akaniuliza: "Papa Barthélemy, yule mutoto wako wa Goma anafanyaka kazi gani?" Nikamujibu: "Anasemeaka watu wengine." Akauliza kama wale watu hawana kinywa. Unieleze tena.

Usifikiri tunateseka sana. Ni vile tu, mvua ikinyesha nawaza ile nyumba. Naona inaniita sawa vile marehemu mama yako alikuwa ananiita nikiwa mu shamba: "Rudi, chakula inapoa!"

Miye papa yako.


Goma, tarehe 3 Machi 2023

Papa yangu mupendwa,

Nimepokea barua yako mu mikono ya motari, yule wa pikipiki, nikaisoma nimesimama. Pole na kifua. Unywe maji ya moto na asali, na umuambie Naomie ninamukosa sana.

Muambie yule muntu kama kinywa wanayo. Lakini muntu akisema peke yake, wanamusikia majirani tu. Kazi ya ajansi yangu ya matangazo ni kufikisha maneno mbali. Unakumbuka namna nilianza? Ni weye ulinisimamisha mbele ya kanisa nikisoma matangazo, juu macho yako ilikuwa imechoka. Kisha radio. Kisha meza moja nyuma ya duka ya fotokopi ya rafiki yangu Christa, na muteja wa kwanza alikuwa Semana, yule mufugaji wa Masisi mwenye hakuna muntu alitaka maziwa yake. Nilimuambia: "Usiseme maziwa ni safi. Alika watu wakuje kuona ng'ombe." Wakakuja. Leo nina biro, ofisi yangu mwenyewe, nina wafanyakazi, na jina yangu iko juu ya mulango.

Sasa, habari kubwa. Proje moja ya kusaidia wakimbizi imetuchagua tufanye kampanye ya kuita wakimbizi wa Masisi, na wa kwetu Nyabiondo, warudi kwao. Walikuwa na maneno yao ya karatasi: "Hali ya usalama imeboreka." Niliwaambia hakuna muntu atafunga muzigo kwa maneno ya vile. Nikachukua ya mama: "Rudi, chakula inapoa." Mu salle ya mukutano mukubwa wao akapiga mikono. Niliisema mwenyewe mu radio, kwa Kihunde, luga ya kwetu, na kwa Kiswahili. Utaisikia.

Mutoto wako, Josiane.


Mubi, tarehe 28 Machi 2023

Kwa Josiane wangu,

Amani ya Bwana ikuwe nawe. Kifua imepunguka, asali ilisaidia. Naomie na Michel wanakusalimia.

Nimeisikia. Ilikuwa mu radio ya Michel, magazini imejaa watu wa kutoka mu machimbo. Sauti yako ilipoanza, wote wakasogelea radio. Mama Uwingabire, jirani yetu wa zamani, akaanza kulia, bwana yake Straton akamushika mukono mbele ya watu. Miye mwenyewe nilitoka inje. Josiane, ulisema sawa mama yako kabisa.

Kisha wakanizunguka. "Papa katekista, ni kweli? Tunaweza kurudi?" Nikasema: "Huyu ni mutoto wangu, na hasemaka uongo."

Naomie tu njo aliuliza juu yako, weye mukubwa wake: "Yaya alifika Nyabiondo siku gani?" Nikamunyamazisha. Lakini ile swali imebakia mu kichwa. Semana, ulimuambia aonyeshe ng'ombe. Weye, ulienda kuona? Unijibu upesi. Watu wanafunga mizigo.

Papa yako.


Goma, tarehe 4 Aprili 2023

Papa,

Mimi ni muzima, naomba na ninyi mukuwe wazima. Naandika mbiombio, motari anangoja.

Sijafika. Proje haikupata gari ya kunipeleka. Lakini walinionyesha picha: soko imefunguliwa, watoto mu uniforme, wamama wenye mizigo ya maharagi. Ni watu wa kazi, Papa, hawawezi kudanganya kitu kama hiyo. Muende wote pamoja, musiende kila muntu peke yake. Na Naomie aache wasiwasi, ataona nyumba kwa macho yake.

Mutoto wako.


Nyabiondo, tarehe 20 Mei 2023

Kwa mutoto wangu Josiane,

Salamu kutoka kwetu! Tulifika na miguu ya kuvimba, lakini tulifika. Sisi wote tuko wazima.

Mabati ya nyumba imeibwa, tumefunika na shitingi ya plastiki. Ile soko yako ya picha niliitafuta; kuko wamama wawili na ndizi. Watoto wa uniforme pia hatujawaona, masomo imefungwa. Antene ilichomwa, njo maana simu haiiti. Watu wa bunduki wanapita juu ya kilima. Tunawaangalia, wanatuangalia.

Lakini Naomie amepanda maharagi nyuma ya nyumba, inaota vizuri, na ameanza kuimba tena. Siku ya Mungu nilisalisha watu chini ya shitingi. Wananiamkia tena, Josiane. Wanasema: aksanti kwa mutoto wako.

Papa yako mwenye furaha.


Goma, tarehe 19 Agosti 2023

Papa,

Salamu. Uko muzima? Naomie je? Naandika hii na sijui nani ataisoma. Barua yangu ya Julai haukujibu.

Motari hawakubali tena kupita Masisi. Wengine wanasema Nyabiondo imechomwa, wengine wanasema hapana. Nilikimbia kwa watu wa proje. Wananiomba niandike komunike ya kusomwa mu radio, niseme ya Nyabiondo ni kisa kidogo, hali iko chini ya kontroli. Na wanataka ile tangazo ya kurudi iendelee Walikale, kuita wakimbizi wa Buleusa. Karatasi iko mbele yangu tangu asubui. Bado sijaandika neno.

Papa, andika hata jina yako tu.

Josiane wako.


Masisi, tarehe 9 Septemba 2023

Josiane,

Ninapumua. Niko mu kambi ya wakimbizi hapa Masisi, karibu na kanisa ya paruasi. Kama na weye uko muzima, tumushukuru Mungu.

Naomie hayuko tena.

Wale watu wa bunduki walifika asubui, makundi mawili yakipigana, na sisi katikati. Alikuwa mu shamba anavuna maharagi. Nilimuita. Alisimama, akainama tena kuchukua kitunga ya maharagi, kwa kuwa hakutaka kuiacha. Risasi ikamupata pale. Straton alienda kumubeba, na yeye akabaki. Niliwazika wote wawili nyuma ya nyumba na jembe ya Naomie, kisha tukakimbia, moto nyuma yetu.

Wenye walirudi pamoja nasi wako hapa. Hawanitukani. Wanageuza uso nikipita. Siku ya Mungu hakuna muntu anakuja kusali kwangu. Ni miye niliwaambia mutoto wangu hasemaka uongo.

Yale maneno ilikuwa ya mama yako, Josiane. Lakini yeye alikuwa ananiita kwa chakula yenye ilikuwa kweli mu sahani.

Barthélemy.


Goma, tarehe 21 Septemba 2023

Papa,

Sina namna ya kukuamkia. Nilisoma barua yako chini, pa simenti ya biro. Christa njo aliniinua.

Komunike sikuiandika. Nilienda ku radio, nikaomba dakika kidogo, wakanipa kwa kuwa wananijua. Nilisema jina yangu. Nikasema: "Ni mimi niliwaita murudi. Sikufika kule. Nilionyeshwa picha, nikaiamini kwa sababu nilitaka kuiamini. Nyabiondo watu wamekufa. Mudogo wangu Naomie amekufa, na Straton mwenye alienda kumubeba. Watu wa Buleusa, musitoke kwa sababu ya sauti yangu." Nikarudilia kwa Kihunde. Pale nilishindwa, nikalia mu mikro.

Proje wamevunja kazi, wateja wengine wamewafuata. Nimefunga biro. Siililii biro, Papa. Namulilia mwenye aliuliza nilifika siku gani, na mimi nikajibu aache wasiwasi.

Ninaomba ruhusa ya kuja. Ukikataa, nitaelewa.

Josiane.


Masisi, tarehe 15 Oktoba 2023

Josiane,

Nakuamkia. Kikohozi imerudi, baridi ya hapa ni kali. Weye, unakula?

Watu walikusikia. Kijana mumoja alizima radio. Mama Uwingabire akamuambia: "Washa." Akasikiliza mupaka mwisho, kisha akaingia mu shitingi yake. Kesho yake alikuja kwangu, mara ya kwanza tangu tulikimbia. Akasema: "Straton hatafufuka kwa maneno yake. Lakini mutoto wako hajakuja kukaa kilio. Anangoja nini?"

Basi kuja. Usilete kamera, usilete chakula ya kugawa. Ukifika, usianzie kwangu. Anzia kwake, ukae chini, ufunge kitambaa ku kichwa kama wamama wengine. Usieleze kitu. Watasema wao, na watasema mubaya. Weye usikilize.

Miye sijui kama nimekusamehe. Naamka nikikukasirikia, na jua ikianguka naanza kukuogopea hii njia. Toka Goma na motari mwenye anajua vizuizi. Ukisikia milio ya risasi pa Sake, mu njia, rudi.

Mukeka yako nimeshaitandika.

Papa yako.