Siti ya Baba Mkwe

Jumapili, 2 Juni 1996

Leo baada ya ibada watu hawakutawanyika. Ni sheria tu, sheria, sheria! Sheria ya magari ya kuvuka mpaka imebadilishwa huko juu, na kuanzia mwezi wa saba ni marufuku lori kuvusha watu daraja la Songwe. Mizigo na gari lake, watu na gari lao. Lugano wangu alisimama pale mlangoni mwa kanisa na funguo za Isuzu mkononi, kama mtu aliyeambiwa mke wake kaolewa kwingine.

Miaka yote hii tumekula kwa Isuzu. Chini mpunga, juu ya mpunga watu, juu ya watu kuku. Karonga tunashusha mchele, tunarudi na sukari na ndugu. Sasa nani atatenganisha magunia na ndugu? Kyela hii kila mtu ana shangazi Karonga, na kila mtu wa Karonga ana msiba Kyela.

Nimemwambia Lugano asinune, akinuna anafanana na marehemu mama yake. Akacheka. Akicheka tu, mimi basi.

Jumatano, 5 Juni 1996

Mkutano Kasumulu, pale mpakani, wenye magari wote. Afisa ni kijana wa Singida, mpole, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Alisoma sheria nzima amesimama, juani. Nilimwonea huruma.

Mama mmoja wa Matema akauliza, je, wanaokwenda msibani? Afisa akasema hata wafiwa ni abiria, wakae kwenye siti. Mama akauliza tena: na maiti je, ni abiria au ni mzigo? Kijana wa watu akafunua karatasi, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Akasema atauliza. Nilicheka mpaka Lugano akanifinya paja.

Lakini mengine si ya kucheka. Gari la abiria, siti zinazohesabika. Kibali kiwe kwa jina la raia wa huku. Safari ya kwanza mwenye kibali awemo ndani ya gari. Na orodha ya abiria aijaze mwenyewe kwa mkono wake, majina kamili. Lugano kazaliwa Kaporo, ng'ambo, na karatasi zake zote ni za huko. Kwa hiyo kibali kitakuwa cha nani? Changu! Mimi Anyes, niliyeshindwa hata na baiskeli!

Njiani Lugano ananiita bosi. Bosi, tugeuke wapi? Bosi, naruhusiwa kupiga honi? Mjinga sana mume wangu. Nampenda.

Jumapili, 16 Juni 1996

Isuzu imeondoka. Jamaa wa Tukuyu kaichukua, nasi tumepata Hiace yake, tukamwongezea mavuno yetu juu. Lugano alipangusa kioo cha lori kwa shati lake kabla ya kumpa mtu funguo. Nilimpikia wali na samaki, akala, akamaliza.

Hiace ni nyeupe, ina harufu ya mtu mwingine. Ubavuni imeandikwa maneno ya Kijapani. Tumpale, binti yetu, kaja likizo, anasema labda ni shule ya chekechea ya huko. Basi tumenunua shule.

Alhamisi, 20 Juni 1996

Habari njema! Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni. Tarehe mbili mwezi wa saba, siku moja tu, kisha wanaondoka hadi mwakani. Lugano karuka kama mtoto. Baba yake, Mzee wetu wa Kaporo, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto limekwisha, la kulia linamwonyesha ukungu tu. Juzi alimsalimia ndama akidhani ni jirani. Mwakani hatutakuwa na jicho la kuokoa.

Atavuka nasi tarehe mosi. Safari ya kwanza ya Hiace itakuwa yake.

Jumatatu, 24 Juni 1996

Kibali kimetoka. Jina langu lote, na mhuri. Lugano kakibusu, kisha kanibusu mimi, mbele ya Shangazi Kisa! Shangazi, dada yake Mzee, akageukia ukutani akisema siku hizi watu hawana haya.

Na ndipo Shangazi akauliza: na nyinyi wawili mtakaaje gari moja? Sikuwa nimefikiria!

Enzi za Isuzu haikuwa shida. Mzee kabini, mimi juu ya magunia. Kisogo chake nakijua kupitia kidirisha cha nyuma ya kabini, kina kovu kama punje ya mpunga. Uso siujui. Tumpale amesikia, akaanza. Mama, mwalimu wetu anakula meza moja na baba mkwe wake! Mama, sisi tuko mwaka gani? Nikamwambia mwalimu wenu na ale meza moja na nani sijui, mimi nilifundwa. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake. Hata neno la kila siku linalofanana na jina lile silitamki. Kanisani wimbo ukifika hapo nafunga mdomo, ukipita naendelea.

Tumpale akasema, lakini babu haoni, mama. Nikamjibu: mimi naona.

Watoto wanadhani ni woga. Si woga. Mwaka ule sabuni imepotea nchi nzima, tunafulia majivu, Mzee alileta gunia la karanga. Nilipolifungua, katikati mna mche wa sabuni na kitenge cha bluu. Hakumwambia mtu. Nilipolazwa chini uchungu wa Tumpale ukakataa siku nzima, yeye alikaa nje nyuma ya ukuta, mvua inamnyea, akaimba wimbo mmoja ule ule hadi mtoto akalia. Hatujawahi kuzungumza. Anakohoa mara tatu kabla hajaingia uani, ili nipishe. Nami nikisikia kile kikohozi najua chai iwe na tangawizi. Nani ana baba kama huyu?

Jumamosi, 29 Juni 1996

Nimeshona pazia. Kitenge kile cha bluu — nilikuwa nimekitunza — nimekitia kamba, kinaning'inia nyuma ya siti ya mbele. Mzee atakaa mbele na Lugano, mimi siti ya mwisho kabisa, katikati pazia. Lugano kauliza kama sheria inaruhusu pazia. Nikamwambia asome, kama limekatazwa nitalitoa. Kasoma. Halimo.

Shangazi Kisa kaja kukagua kama yeye ndiye afisa. Kakaa mbele, kakaa nyuma, kanifanya nikohoe, kakohoa yeye. Karidhika. Kisha, anashuka, akaniuliza: na hiyo orodha, jina la kaka yangu utaliandika? Nikasema mdomo wangu hautatamka. Akasema kuandika ni kutaja, mwanangu, tofauti ni kwamba la mdomoni linapotea na upepo. Nikamwambia aache kunitia wasiwasi, nitajua hapo hapo. Ndiyo kauli yangu siku zote, nitajua hapo hapo!

Jumatatu, 1 Julai 1996, Kasumulu

Naandikia magotini, nje ya kibanda cha chai. Daftari hili nililitia kwenye mkoba kwa ajili ya kujisifu safari ya kwanza. Haya sasa.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Tumevuka gari tupu, afisa yule wa Singida akaangalia kibali, akaniita mama mwenye gari. Kaporo watu wamejipanga barabarani. Akina mama na ndoo za dagaa wa usipa, babu mmoja na jogoo, wajukuu wa Shangazi Kisa, na Shangazi mwenyewe aliyelala huko amfungashie kaka yake. Nikakaa siti yangu ya mwisho nimegeukia dirisha. Nikasikia akikohoa mara tatu. Gari likainama mbele kidogo. Amepanda.

Safari nzima tumepiga gumzo, mimi na Mzee, bila kuzungumza! Yeye kwa sauti kubwa: Lugano, huyo bosi wako amekula? Mimi nyuma: Lugano, mwambie baba nimekula. Yeye: Lugano, nasikia pazia ni kile kitenge changu. Mimi: mwambie baba ndicho. Yeye: mwambie alitakiwa akivae, si kuning'inizia gari. Watu wote wakacheka, babu wa jogoo akapiga makofi. Mzee akasema, basi mwambie ndaga fijo, asante sana, nimefurahi.

Orodha nilishaijaza Kaporo kabla hatujaondoka. Siti ya mwisho hadi ya pili, majina yote, mwandiko wangu mzuri kabisa. Siti ya kwanza kalamu ikagoma. Nikaandika Baba. Nikaangalia, nikaona limekaa sawa. Nani asiyejua Baba ni nani?

Afisa hajui. Kahesabu vichwa, kasoma majina, kafika hapo. Baba nani? Baba wa nani? Nikamwambia kwa adabu ni baba mkwe wangu. Akasema mama, hilo si jina, kila mtu ana baba mkwe. Lugano akampa hati ya Mzee, jina limo, kubwa, na picha. Akasema anaona, tatizo ni orodha. Lugano akachukua kalamu aandike yeye. Afisa akamzuia mkono, taratibu. Lazima iwe mwandiko wa mwenye kibali, mmoja, juu hadi chini. Sheria imeanza leo, wakubwa zake wako ndani wanatazama, na hawezi kuanza siku ya kwanza kwa kuivunja. Nikamweleza mila. Alisikiliza, kweli alisikiliza. Akasema kwao nako mkwe anaheshimiwa, ila sheria haina nafasi ya mkwe. Ama niandike, ama Mzee ashuke arudi ng'ambo. Akatupa muda, hadi amalize malori matatu yaliyo mbele yetu.

Gari zima likawa baraza. Wa usipa anasema andika tu, Mungu anaona. Babu wa jogoo anasema hapana, wasichana wakianza hivyo tumekwisha. Jogoo naye kawika. Shangazi Kisa, mwenye neno kwa kila jambo, leo anatazama mto tu.

Halafu Mzee akasema, pole pole, safari hii hakupaza sauti: Lugano, nishusheni. Mwambie mama Tumpale asijitese kwa ajili yangu. Kaporo naijua hata bila macho.

Nikashuka mbio kwa mlango wa nyuma ili watu wasinione ninavyolia. Na hasira zikanipanda! Si kwa kijana wa Singida, jamani, anafanya kazi yake. Kwa Baba! Nani kamwambia anishinde kwa wema? Sabuni alinishinda. Mvua alinishinda. Leo anataka kunipa na macho yake, akae gizani maisha yake yote yaliyobaki, eti mimi nibaki mkamwana mzuri. Mzuri kwa nani, kama yeye anamsalimia ndama?

Lakini nikiliandika nitamtazamaje? Simtazami hata hivyo. Basi nitamwandaliaje chai, nitajificha nyuma ya ukuta gani, nikijua mkono wangu umemwita kama anavyoitwa na wenzake wa rika? Na akifunguliwa bandeji keshokutwa, akiona, ataiona karatasi. Hiyo ndiyo inaniua.

Malori mawili yameshapita. La tatu wanafungua turubai.

Lugano kaja, kachuchumaa, kanifuta machozi kwa shati lake. Hajasema niandike, hajasema nisiandike. Kasema tu, bosi, gari ni lako. Kisha kacheka kidogo, machozi yanamlenga na yeye, akarudi kumshika baba yake mkono.

Shangazi Kisa kasimama nyuma yangu sasa hivi. Namjua kwa harufu ya ugoro. Nilidhani atanipokonya kalamu. Amenitandia khanga yake mabegani, jua ni kali.

Turubai limefungwa. Afisa ananyoosha kidole huku kwetu.

Nimewaza kulijaribu jina lake kwanza hapa, kwenye daftari langu, mahali pasipo na wa kusoma. Nione kama mkono utakubali. Baba, nisamehe. Kama unanisikia nyuma ya pazia, nisamehe.

A

Imekubali. Mkono haujakatika.

Am

Mbele ya gari amekohoa. Mara tatu, zile zile za uani kwangu, za kunijulisha kwamba anaingia. Anajua ninachofanya, na hajanikataza! Lugano ananitazama. Afisa anaita, mama mwenye gari, tayari?

Amb